Nyota ya Kopo: Krismasi ya Kasulu na Kibondo

Katika nyanda za juu za Kigoma, Disemba ni mwezi wa mvua na wa maharage. Mvua zilizoanza Oktoba zimekwisha kuizoea ardhi, vilima vya Buha vimevaa kijani kibichi, na maharage ya msimu wa kwanza yanaanza kukaukia katika maganda yake. Aliyejaaliwa kuvuna na kuuza mapema ana sikukuu. Asiyejaaliwa hungoja mwaka mpya. Katika mji wa Kasulu, basi, asitafute mtu dalili za Krismasi kwenye madirisha ya maduka makubwa, kwa kuwa maduka ya namna hiyo hayapo. Dalili huanzia sokoni kwenye magunia, kisha zikahamia kwenye baraza za washonaji. Anayetaka kujua kama mwaka ulikuwa mwema atazame tu lundo la vitambaa lililo kando ya cherehani, amekwisha kujibiwa.

Mshonaji mmoja wa mji huo, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Mama Fundi, hukanyaga cherehani yake ya Butterfly kwenye baraza ya duka la vyombo. Tangu wiki ya kwanza ya Disemba hapokei kazi ya viraka wala ya kupunguza suruali. Huingia kwanza sare za kwaya, kwa kuwa kwaya hazina subira. Hufuata magauni ya watoto wa kike, yenye mikono ya puto na mkanda wa kufungia nyuma. Na mwisho kabisa mashati ya vitenge ya kina baba, ambao huja jioni ya tarehe 22 na kutaka kuhudumiwa mwanzo. Vipimo vyote huandikwa katika daftari la shule lenye jalada lililochakaa: jina la mtoto, bega, kifua, kiuno, urefu, vyote kwa inchi. Mwenye kulifungua daftari hilo humwona mtoto yule yule akirefuka Disemba hata Disemba, mpaka mwaka mmoja jina lake likatoweka, kwa kuwa ameolewa au amekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Watoto wake mwenyewe Mama Fundi huwashonea usiku wa kuamkia tarehe 25. Hiyo ni desturi ya washonaji wa kila mahali, na watoto wa washonaji wa kila mahali huilalamikia.

Kazi hiyo huacha mabaki, na mabaki hayo ndiyo mapambo ya kwanza ya mji. Watoto huja kuomba vipande, wakavikata pembetatu, wakavitunga kwenye uzi na kuvitandaza kutoka nguzo ya baraza hadi tawi la mwembe. Wazee wa kanisa nao hutuma mtu na mfuko. Usiku wa mkesha, mama anayeinua macho katikati ya mahubiri huweza kuliona gauni la binti yake likining'inia juu ya vichwa vya watu, likiwa limegawanyika pembetatu ishirini, na binti mwenyewe yuko safu ya mbele katika sehemu iliyobaki.

Si vipande peke yake. Nyumba za udongo hukandikwa upya na kupakwa udongo mweupe chini na mwekundu juu, au kinyume chake. Mawe ya kandokando ya njia hupakwa chokaa. Ua hufagiwa hadi ufagio ukaacha mistari kama ya kitana. Migomba miwili huchimbiwa mlangoni mwa kanisa kama ichimbiwavyo penye arusi, majani yakipindana juu yakafanya tao, na huyo ndiye mlinzi wa mlango kwa siku tatu nne kabla hajanyauka. Ndani kuna maputo, ambayo hupasuka moja moja wakati wa Injili na kuwazindua waliokuwa wamesinzia. Zipo pia karatasi za msalani zenye rangi ya waridi, zilizosokotwa na kuvutwa kutoka boriti hadi boriti. Mgeni wa mjini huweza kucheka akizitambua. Waliozitundika wanajua vizuri ni karatasi za nini. Wanajua vilevile kwamba katika duka zima hakuna karatasi nyingine ndefu, nyepesi na ya rangi kwa bei ile.

Wakatoliki huongeza pango la Noeli. Desturi hiyo husimuliwa kuwa ilianza na Fransisko wa Asizi katika kijiji cha Greccio, Italia, mwaka 1223, naye alitumia hori la kweli, majani makavu ya kweli, na ng'ombe na punda walio hai. Mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwaka 1879, na baadaye misheni zao zikapanda huku vilimani, Kabanga ikiwa mojawapo mashuhuri karibu na Kasulu. Pango walilokuja nalo halikuhitaji maelezo marefu. Nchi ya Waha ni nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, na kulala karibu na zizi hakukuwa jambo la kushangaza wala la kufedhehesha. Pango la Buha huezekwa kwa nyasi kama kibanda cha mchungaji, na ng'ombe wake wa udongo hufinyangwa na pembe zile zile ndefu za malishoni. Anayemshinda mfinyanzi ni ngamia wa mamajusi. Huyo hutokea akiwa mbwa mwenye kibyongo, na waumini humpokea hivyo hivyo.

Waanglikana, waliopata wamisionari wao wa CMS kutoka Australia katika miaka ya 1930, na ambao tangu mwaka 1966 wana dayosisi ya Tanganyika Magharibi yenye makao yake Kasulu, wamekuwa na mkono mzito zaidi katika mapambo. Ule uamsho uliotoka Rwanda miaka hiyo hiyo uliwafundisha walokole kuogopa kila kinachong'aa. Hata hivyo, vitambaa vya pembetatu vimepenya huko nako, na si jambo baya.

Ukaja mti. Msomaji wa visiwani anaujua ule mti wa maua mekundu ambao watu wengi wa Tanzania huuita mkrismasi, kwa sababu huwaka moto mwezi wa Disemba bila ya kuwashwa na mtu. Asili yake ni Bukini, na jina hilo ni miongoni mwa majina yaliyobuniwa kwa akili zaidi katika lugha hii, kwani halikuuita mti kwa alivyouita mwenye mti bali kwa siku unapochanua. Pwani, asiyetaka maua mekundu hukata tawi la mvinje. Kasulu na Kibondo kuna misaiprasi, ile ambayo Biblia ya Kiswahili huiita miberoshi, iliyopandwa kuzunguka misheni, shule na ofisi za serikali. Tawi la msaiprasi husimikwa ndani ya ndoo ya mchanga, likavishwa nyuzi za kumetameta, kadi za miaka iliyopita na vifuniko vya soda. Halafu hubandikwa pamba.

Pamba hiyo ni theluji. Huchambuliwa kutoka kwenye bunda lililonunuliwa duka la dawa na kuwekwa kidogo kidogo juu ya matawi, kwa uangalifu mkubwa, na watu ambao hawajapata kuiona theluji na ambao mlima wenye theluji ulio karibu nao uko safari ya siku nzima na zaidi. Ipo mizaha mingi juu ya pamba hii na mingine ina haki. Lakini anayefanya kazi ya kufasiri huiangalia kwa jicho jingine. Kila mfasiri amewahi kukutana na theluji katika kitabu cha watu na kujiuliza aifanye nini: aiache kama ilivyo, msomaji aikodolee macho, aigeuze ukungu, amdanganye, au aiondoe, sentensi ibaki na shimo. Mwenye bunda la pamba amechagua njia ya kwanza, na amelipia.

Wimbo umechagua njia nyingine. Ule wimbo mashuhuri kuliko zote za msimu huu uliimbwa mara ya kwanza mwaka 1818 katika kijiji cha Oberndorf, Austria, kwa maneno ya padri Joseph Mohr na muziki wa mwalimu Franz Xaver Gruber. Jina lake la Kijerumani lina sifa mbili za usiku, ukimya na utakatifu. Kiingereza kilipoupokea kikaubatiza kwa ukimya. Waswahili wanauita "Usiku Mtakatifu". Jina limeshika utakatifu na kuuachilia ukimya uende zake. Sababu ya kweli huenda ilikuwa hesabu ya silabi tu, kama ilivyo aghalabu. Lakini aliyewahi kukaa kwenye mkesha wa Kasulu, mvua ikipiga mabati hata kwaya ikalazimika kupandisha sauti, vyura wakiitikia kutoka bondeni na watoto wachanga wakilia kwa zamu, ataona kwamba jina hilo halikupungukiwa na kitu. Kimya cha Disemba hakijapata kuwako katika nchi hiyo. Utakatifu, hilo ni jambo jingine.

Kuhusu taa, msomaji avumilie hesabu kidogo. Mti wa kwanza unaojulikana kupambwa kwa taa za umeme ulisimama New York mwezi wa Disemba 1882, nyumbani kwa Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, ukiwa na balbu 80 za rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Kasulu na Kibondo ziliendelea na karabai, koroboi na mishumaa. Baadaye zikapata umeme wa majenereta ya dizeli, ambao ulikuja na kuondoka kwa hiari yake na haukupenda kushiriki sikukuu. Mwaka 2022 ndipo gridi ya Taifa ilipoanza kuufikia mkoa wa Kigoma. Tangu mwaka ule wa balbu za Johnson ilikuwa imepita miaka 140.

Disemba ya mwaka huo watu wa Kasulu walitoka usiku kwenda kutazama taa. Hazikuwa taa nyingi: nyuzi chache kwenye duka la simu, nyingine mlangoni mwa nyumba ya wageni, nyota ya plastiki juu ya paa la kanisa ikibadilika rangi kila baada ya sekunde kadhaa. Wanaosikitika kwamba taa za madukani zitaua mapambo ya mikono wana hoja, na hoja hiyo husikika vizuri zaidi kutoka kwa mtu aliyekulia kwenye umeme. Mwenye macho angeona jambo jingine usiku ule. Baba mmoja amembeba mtoto mabegani. Wasichana wanne wameshikana mikono, wanapita mbele ya duka lile lile mara ya tatu. Bibi mwenye mkongojo amesimama katikati ya barabara na bodaboda zinampita kushoto na kulia kwa adabu isiyo ya kawaida. Kwa mara ya kwanza mji ulikuwa na matembezi ya usiku yasiyo na sababu nyingine isipokuwa kutazama. Waliozoea kuwapeleka watoto Mnazi Mmoja, Unguja, siku za Idi, wakazunguka kiwanjani mpaka miguu ikauma wala wasinunue kitu, hawahitaji kufafanuliwa raha hiyo.

Matembezi yenyewe, hayo ni ya zamani kuliko taa. Ibada ikimalizika tarehe 25, watu hawaendi nyumbani moja kwa moja. Nguo mpya haikushonwa ili ivuliwe saa saba. Hupitwa kwanza kwa mpiga picha, ambaye amening'iniza pazia lenye mlima, maporomoko ya maji na nyumba ya ghorofa pahali pamoja. Familia hupangwa kwa kimo, mdogo akashikishwa maua ya plastiki, na baba akaambiwa atabasamu, naye akakataa. Watoto hununuliwa soda. Wapo ambao soda hiyo ndiyo ya mwaka, nao hainywi mtu kwa pupa: huigugumia kidogo, akaitazama ilipofika, akaizuia kwa kidole gumba na kwenda kumwonyesha mwenziwe. Kisha huanza kuzungukia nyumba za ndugu, na kila nyumba ina sinia.

Kwenye sinia hilo, pwani imo. Chakula cha kila siku cha Buha ni ugali wa muhogo, maharage, ndizi, na dagaa waliopanda mlima kutoka ziwani. Siku ya Krismasi hupikwa pilau. Hakuna sheria inayosema hivyo, lakini nyumba iliyoshindwa kupika pilau hujiona haikusherehekea, na wiki ile yote maduka ya Kasulu hutundika vijipakiti vya bizari, mdalasini, iliki na karafuu vilivyofungwa kwa kiasi cha sufuria moja. Wakulima wa karafuu wa Pemba hawajapata kuambiwa, pengine, kwamba zao lao ni pambo la Noeli katika nchi ya Waha. Ndivyo lilivyo. Harufu hiyo ndiyo humwambia mpita njia, kabla hajaona tao la migomba wala vitambaa, kwamba nyumba hii leo ina sikukuu. Na majirani Waislamu, ambao hupeleka sinia lao siku ya Idi, hupokea lao siku hii bila ya kusubiri kualikwa.

Tarehe 26 nayo ni siku ya mapumziko. Waingereza waliiacha kwa jina la Boxing Day, na jina hilo limewasumbua Waswahili kwa muda mrefu. Aghalabu hufasiriwa kuwa siku ya kufungua zawadi, nayo ni tafsiri ya kupendeza kwa watu ambao zawadi zao za jana zilikuwa zimevaliwa mwilini na nyingine zimo tumboni. Kasulu siku hiyo ina kazi yake. Ni siku ya safari. Waliokaa na ndugu wa karibu jana huwaendea wa mbali leo.

Kwa miaka mingi "mbali" hakukuwa mbali sana. Barabara ya udongo mwekundu kutoka Kasulu kwenda Kibondo, katika mvua za Disemba, ilikuwa na hiari ya kumfikisha mtu au kumlaza njiani, na abiria alifunga nguo ya sikukuu kwenye mfuko wa plastiki kwa kuwa alijua atasukuma gari. Ujenzi wa lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, barabara ya kilomita 260 hivi inayokwenda kugusa mpaka wa Burundi, umeibadilisha Krismasi ya Buha kuliko mapambo yote yaliyotajwa hapa. Mtu wa Kasulu huweza kwenda Kibondo akala mchana na kurudi na viatu vyeupe.

Mama Fundi ana dada yake Kibondo, naye humwendea kila tarehe 26. Kibondo ni mji mdogo zaidi, wenye baridi kidogo zaidi, wenye asali nyingi, na ni mji ambao salamu zake za sikukuu zina lugha tatu. Wapo wasemao Krismasi, wapo wasemao Noeli. Na sokoni, khasa wakija watu wa upande wa Mabamba mpakani, husikika "Noheli nziza" ya Kirundi, ambayo Mha huielewa bila ya mkalimani kwa kuwa lugha hizo mbili ni mtu na ndugu yake. Mwaka mpya nao una jina la wageni. Warundi na Wakongo huuita Bonane, neno walilolichuma kwenye Kifaransa na kulilainisha.

Wageni hao hawakuja kwa ajili ya sikukuu. Tangu mwaka 1972 nyanda hizi zimepokea Warundi kwa mawimbi. Wimbi la 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi wa Oktoba, liliifanya Krismasi ya Kibondo ya mwaka huo kuwa ya watu waliolala chini ya miti na kwenye madarasa. Wakongo wa Kivu ya Kusini walifunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mwaka 1996. Mwaka 2015 Warundi walikuja tena, ikafunguliwa upya kambi ya Nduta karibu na Kibondo, nayo kufikia 2017 ilikuwa na watu zaidi ya laki moja, mji mkubwa kuliko Kibondo yenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakae katika maeneo yaliyotengwa, na kutoka kukahitaji kibali. Kwa hiyo palikuwa na watu ambao sikukuu waliijua yote, wimbo wake, sinia lake na nguo yake, ila matembezi yake yaliishia kwenye mpaka wa kambi. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka kambi ilipofunguliwa alitimiza miaka 20 katika Krismasi za namna hiyo.

Mahali pa kukutana palikuwa soko la pamoja, wenyeji na wakimbizi. Huko Mama Fundi aliipata nyota yake. Iliuzwa na mwanamke wa Fizi, ambaye alitengeneza koroboi, mikebe na vikaango kutokana na makopo ya mafuta ya kupikia ya msaada, na ambaye mwezi wa Disemba alikata nyota zenye ncha sita, akazitoboa kwa msumari ili mshumaa ukiwekwa ndani nuru itoke kwa vitundu. Upande wa ndani wa nyota maandishi ya kopo bado yanasomeka. Alimwita mteja wake Mama Fundi kama wengine wote, naye akaitwa Mama Nyota, na biashara ya nyota moja ikazaa biashara ya nyuzi, zipu na mazungumzo. "Noeli yenu iko namna gani, Mama Fundi?" "Imejaa kazi, mama. Na yenu?" "Yetu iko humu humu." Disemba 2017 alikuja na binti yake wa miaka sita apimwe gauni. Vipimo viko katika daftari: bega 10, kifua 23, urefu 24.

Katika miaka ya 2018 na 2019 masoko ya pamoja ya kambi yalifungwa, na urafiki wao ukabaki hapo ulipokuwa. Nyota iliendelea kutundikwa barazani kila Disemba. Hata duka la vyombo lilipopata nyuzi za taa za rangi, Mama Fundi aliiacha katikati yake, ikiwa haiwaki.

Basi liendalo Kibondo husimama Makere, mahali pa kuteremkia waendao Nyarugusu. Tarehe 26 Disemba 2021, Mama Fundi alimkabidhi hapo mtu mwenye kazi yake kambini na ruhusa ya kuingia kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa utepe. Ndani mlikuwa na gauni la rangi ya samawi. Alikuwa amelishona kwa kukisia, kwa vile vipimo vya daftari vilikuwa vya mtoto wa miaka sita na mtoto sasa alikuwa na kumi. Aliongeza inchi moja kwa kila mwaka, kama wafanyavyo mafundi wasiomwona mteja, akaacha na pindo pana la kuteremsha. Basi likaondoka. Kibondo alikula pilau kwa dada yake, akasifiwa kitambaa cha gauni lake mwenyewe, akarudi na lita mbili za asali.

Mwaka uliofuata, siku ile ile na pahali pale pale, yule mtu alikuwa akimngoja na bahasha. Haikuwa na barua. Mlikuwamo uzi mweupe wa katani wenye mafundo matatu, na Mama Fundi aliufahamu papo hapo, kwa kuwa ndivyo watu wasio na futi wanavyopeleka vipimo kwa fundi tangu zamani: fundo la bega, fundo la kifua, na uzi wote kwa urefu wake ndio gauni. Aliuzungusha kidoleni, akautia ndani ya pochi, akapanda basi. Usiku, aliporudi Kasulu na taa za duka zikibadilika rangi juu ya kichwa chake, aliunyosha kwenye meza ya cherehani na kuuwekea futi. Urefu ulikuwa inchi 32. Lile gauni la samawi alilishona kwa 28. Alifungua daftari kwenye ule ukurasa wa 2017, na chini ya vipimo vya zamani akaandika vipya.